Kuhesabu Wasomaji wa Tovuti Ndogo: Kisa Kimoja cha Lamu

Tovuti ninayoizungumzia ni ya mwalimu mstaafu, mwanamke wa Mkomani, Lamu. Anaandika juu ya nyumba za mawe za mji wake: daka (kibaraza cha mlangoni) na tekani (ukumbi wa kuingilia), zidaka (vishubaka) za ukutani, milango ya nakshi, namna chokaa inavyochomwa na kulowekwa kabla ya kupigwa ukutani. Anaandika pia mapishi, desturi za harusi, na mara nyingine mambo mazito ya nyumbani kama eda na mirathi. Makala nyingi ni za Kiswahili, chache amezitafsiri kwa Kiingereza. Hauzi kitu wala hana tangazo. Anacholipia ni jina la tovuti na nafasi kwenye seva ya pamoja (kompyuta moja inayobeba tovuti za watu wengi), mara moja kwa mwaka.

Alinitafuta akiwa na ombi lililoonekana dogo: kifaa cha kumwonyesha watu wanaotembelea tovuti yake. Aliyemtengenezea tovuti hapo mwanzo alikuwa ameshaweka Google Analytics, kifaa cha Google cha takwimu za wasomaji, na mwalimu alikuwa akiifungua na kuifunga bila kupata cha maana. Kisha jamaa yake mmoja akamwambia kwamba kwa kifaa hicho kila msomaji anafuatiliwa. Alitaka kujua kama ni kweli, na kama ni kweli, aweke nini mahali pake.

Ninaandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu wengi wa pwani wanaoandika mambo yao mtandaoni wanapitia hayo hayo. Wanawekewa chombo kilichoundwa kwa ajili ya maduka ya mtandaoni, wanabaki na grafu zisizojibu swali lao hata moja. Na lipo jambo moja la mji mdogo ambalo walinganishaji wa vifaa hivi hawaligusi, nalo ndilo lililoamua shauri letu.

Maswali kabla ya vifaa

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote nilimwomba mwalimu anitajie uamuzi ambao angeufanya kwa kuzitazama hizo namba. Namba isiyobadilisha uamuzi wowote haina haja ya kukusanywa, na hili nalishikilia hata kwa tovuti kubwa. Alifikiri kwa muda, kisha yakatoka maswali manne.

Aendelee kutafsiri makala kwa Kiingereza, au aache? Kazi hiyo inamla jioni nzima. Wasomaji wanafika kwa njia ipi: wanatafuta Google, au wanafuata viungo anavyotuma kwenye makundi ya WhatsApp? Wanasoma mpaka mwisho, au wanatazama picha na kuondoka? Swali la nne alilisema mwisho, ingawa ndilo lililokuwa likimkera zaidi: watu wa Lamu wenyewe wanamsoma, au anawaandikia wageni?

Nikamuuliza na asichohitaji. Hakuwa na haja ya umri wa msomaji, jinsia yake, wala anachopenda kununua. Hakuwa na haja ya kujua kwamba aliyekuja Jumatatu ndiye aliyerudi Ijumaa. Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyosikika, maana sehemu kubwa ya utata wa vifaa vya takwimu, pamoja na mashaka yote ya faragha, inatokana na kutaka kumtambua mtu yule yule anaporudi. Ukiliacha hilo, kazi inabaki ndogo sana.

Kilichokuwapo

Google ilinunua kampuni iitwayo Urchin mwaka 2005, na mwishoni mwa mwaka huo huo ikatoa Google Analytics bila malipo. Alama za utm zinazobandikwa kwenye viungo vya matangazo ili kujua msomaji alikotoka bado zinaanza na herufi ya Urchin. Toleo la zamani liliacha kupokea data tarehe 1 Julai 2023, na waliokuwa wakilitumia wakahamia toleo la nne, GA4, linalorekodi kila kitu kama tukio: ukurasa umefunguliwa, msomaji amesogea chini, kiungo kimebonyezwa. Kwa mwenye duka ni chombo chenye nguvu. Anaweza kumfuata mteja kutoka tangazo alilobonyeza hadi malipo yalipoingia.

Kwa tovuti ya mwalimu mambo yalikuwa tofauti. Jamaa yake alikuwa na haki: GA4 huweka kwenye kivinjari cha msomaji kidakuzi (cookie, kumbukumbu ndogo ya tovuti) chenye namba ya kumtambulisha, na kwa mpangilio wa kawaida kidakuzi hicho kinaweza kukaa miaka 2. Jina la mtu halimo, lakini kivinjari chake kinajulikana kila kinaporudi. Data za kina za matukio nazo, katika toleo la bure, huhifadhiwa miezi 2 mpaka mwenye tovuti aingie mwenyewe kwenye mipangilio na kuchagua miezi 14. Hakuna aliyemwambia mwalimu. Ripoti za jumla zinabaki, lakini kama angetaka kuchunguza kwa undani mfungo wa mwaka huu dhidi ya ule wa mwaka jana, asingekuta cha kulinganisha.

Uzito ulinisumbua zaidi. Skripti ya GA4, yaani msimbo unaopakuliwa pamoja na ukurasa, inakaribia au kupita kilobaiti 100 hata baada ya kubanwa. Makala ya mwalimu ya maneno 1,500, ukiondoa picha, haifiki kilobaiti 15. Msomaji wa Faza au Kiunga, mwenye bando la kuhesabu na mtandao unaokatika, anabebeshwa mzigo wa kuhesabiwa ulio mkubwa mara kadhaa kuliko maneno aliyoyafuata. Kwangu hiyo peke yake ilitosha kukiondoa.

Hata hivyo hesabu yenyewe ilikuwa na mapengo. Kivinjari cha Brave huzuia Google Analytics bila kuombwa, na vizuia matangazo kama uBlock Origin hufanya hivyo hivyo. Kivinjari cha Safari cha Apple tangu 2019 hupunguza umri wa vidakuzi vinavyowekwa na skripti hadi siku 7, kwa hiyo mtu wa iPhone anayerudi baada ya wiki mbili anaonekana mgeni mpya. Vipo na vizingiti: wasomaji wakiwa wachache, baadhi ya safu katika ripoti zenye taarifa za watu hufichwa ili mtu asitambulike. Ni ulinzi mzuri, ila kwa tovuti ndogo unaacha jedwali lenye mashimo.

Upande wa sheria hatukukaa sana. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu kitambulisho cha mtandaoni kuwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, na inamtaka anayekusanya data amweleze mhusika anachokusanya na kwa nini. Ofisi ya Kamishna wa Data inawasamehe kujiandikisha wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, isipokuwa katika sekta fulani zilizotajwa. Kusamehewa kujiandikisha hakumwondolei mtu wajibu wa kueleza. Ulaya nako, kati ya Januari na Juni 2022, mamlaka za Austria, Ufaransa na Italia zilitoa maamuzi dhidi ya matumizi ya Google Analytics kwa sababu data zilikuwa zikipelekwa Marekani bila ulinzi wa kutosha. Mpango mpya wa kupitishia data kati ya pande hizo ulikubaliwa Julai 2023. Mwalimu ana wasomaji walioko Ulaya, na njia nyepesi ya kukaa mbali na mabishano hayo ni kutokusanya kinachobishaniwa.

Mji mdogo

Vifaa vingi vinavyojinadi kwa faragha vinasema: hatukusanyi jina, hatuhifadhi anwani ya IP (namba ya muunganisho wa intaneti), tunaonyesha jumla tu. Katika mji wa watu milioni ahadi hiyo inatosha. Lamu haitoshi, na nadhani haitoshi Pate, Siyu, wala kijiji chochote ambako watu wanajuana kwa sauti ya viatu.

Chukua mfano huu. Mwalimu anatuma kiungo cha makala ya mirathi kwenye kundi la ukoo lenye watu arobaini. Dakika ile ile dashibodi, yaani ukurasa wa takwimu, inaonyesha msomaji mmoja, simu ya aina fulani ya bei ghali, lugha ya simu Kiarabu. Katika kundi lile mwenye simu hiyo ni mmoja. Kesho yake msomaji wa simu hiyo hiyo anarudi, anafungua makala ile ile saa nane za usiku, kisha anafungua ile ya talaka. Hakuna jina lililoandikwa popote, na mwalimu ameshajua jambo la nyumba ya mtu ambalo hakuambiwa.

Au chukua waliohama. Kuna mji mdogo wa Ulaya ya kaskazini anakoishi mtu mmoja tu wa ukoo wao. Kila ramani ya wageni inapoonyesha kitone pale, ni yeye.

Nilipomweleza hayo mwalimu alinyamaza, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi watu wataniuliza. Watakuja kuniuliza nani kasoma." Alikuwa ameona mbele kuliko mimi. Mimi nilikuwa nikifikiria haki ya msomaji. Yeye alijua kwamba kukiwa na kitu cha kuonekana, ataombwa akitazame: na ndugu, na jirani, na mume anayetaka kujua mkewe anasoma nini. Kinga aliyoihitaji ilikuwa kutokuwa na cha kuonyesha hata akitaka.

Hapo sharti letu likapatikana. Kifaa kisirekodi aina ya simu, lugha, mji, wala saa ya kila ziara. Kihesabu ukurasa, kwa siku, basi. Sharti hili ni kali kuliko linalodaiwa na sheria yoyote niliyoitaja, na liliwaondoa washindani wengi kwa mara moja.

Tulivyovipitia

Cha kwanza kilikuwa tayari kwenye seva yake. Seva za pamoja zenye paneli ya usimamizi iitwayo cPanel mara nyingi huja na AWStats, programu ya tangu mwaka 2000 inayosoma kumbukumbu za seva na kuzigeuza ripoti. Haiongezi hata baiti moja kwenye simu ya msomaji na hakuna kizuizi kinachoizuia. Mwalimu alipoiona alifurahi sana, maana namba zake zilikuwa kubwa mno. Tukaiacha iendelee sambamba na kihesabu kingine chepesi tulichokiweka kwa majaribio, na tofauti ikawa ya mara nyingi.

Nikazifungua kumbukumbu ghafi na kuzisoma naye mstari kwa mstari. Nampendekezea kila mwenye tovuti afanye hivi angalau mara moja maishani, kwani hakuna somo linaloeleweka upesi kama hilo. Maombi mengi yalikuwa ya wp-login.php na xmlrpc.php: roboti zinazobisha hodi usiku na mchana zikitafuta nenosiri dhaifu. Nyingine zilikuwa roboti za kampuni za utafutaji na za kuchunguza viungo, kama Googlebot, bingbot, AhrefsBot na SemrushBot, na zile za kukusanya maandishi ya kufunzia akili mnemba, kama GPTBot iliyotangazwa mwaka 2023. Hizo zinajitaja. Zipo zinazojiita Chrome ya kawaida, na AWStats ikazihesabu kuwa watu. Palikuwa pia na mistari iliyojitaja WhatsApp: mtu anapobandika kiungo ili akitume, programu huenda kwenye ukurasa kuchukua picha na kichwa cha habari cha kuonyesha. Ukurasa unaguswa kabla hajausoma mtu yeyote.

Kumbukumbu hizo, tena, zina anwani kamili ya IP na saa ya kila ombi. Yaani hata mwenye tovuti asiyeweka kifaa chochote ana daftari la wageni, bila kujua. Nitalirudia hili chini.

Matomo nilikuwa na hamu nayo. Ilianza mwaka 2007 kwa jina la Piwik, ikabadili jina mwaka 2018. Ni ya chanzo huria, imeandikwa kwa lugha ya PHP na inatumia hifadhidata ya MySQL, hivyo inakubali kukaa kwenye seva ya pamoja ya bei ndogo. Inaweza kufanya kazi bila vidakuzi na kufuta sehemu ya anwani ya IP. Kwa shirika lenye mtu wa kompyuta ningeichagua bila kusita. Mwalimu hana mtu huyo. Hifadhidata yake hukua, masasisho ya usalama yanahitaji kufuatwa, na mojawapo ya kurasa zake zinazopendwa ni ile inayoorodhesha mgeni mmoja mmoja na kila alichokifungua. Inaweza kuzimwa. Lakini kitu kinachoweza kuzimwa kinaweza kuwashwa, na mwalimu alikuwa ameshaniambia nani atamwomba akiwashe.

Plausible, iliyoanza 2019 na kampuni yake iko Estonia, ni safi na inasomeka kwa mtazamo mmoja. Haiweki vidakuzi. Hutengeneza msimbo kutokana na IP na kivinjari pamoja na "chumvi", yaani herufi za siri za kubahatisha zinazobadilishwa kila siku, kwa hiyo kesho msomaji yule yule hatambuliki. Fathom na Simple Analytics, zote za 2018, ziko katika mkondo huo. Mipango kamili ya hizi hulipiwa kwa fedha za kigeni, na kwa mwaka bei yake ingeipita mbali ile ya seva nzima. Plausible unaweza kujiwekea mwenyewe, lakini inadai hifadhidata za ClickHouse na PostgreSQL, ambazo seva ya pamoja haitoi. Umami ya mwaka 2020 ni nyepesi zaidi ila inataka mazingira ya Node.js, nasi tukakwama pale pale. Isitoshe, zote zinaonyesha nchi na aina ya kifaa.

GoatCounter ndiyo iliyobaki na mguu mlangoni kwa muda mrefu. Ilianzishwa 2019, ni bure kwa tovuti za binafsi, skripti yake ni ya kilobaiti chache, na unaweza kuzima ukusanyaji wa nchi na wa kivinjari. Kwa mwenye tovuti isiyo ya WordPress, ile programu ya kuendeshea tovuti, ningependekeza hiyo.

Tovuti ya mwalimu ni ya WordPress, na kwa WordPress kuna programu-jalizi iitwayo Koko Analytics. Inaandika kwenye hifadhidata ile ile ya tovuti. Hakuna kinachotoka kwenda kwa kampuni nyingine. Toleo lake la bure linahifadhi jumla ya siku ya kila ukurasa na tovuti walikotoka wasomaji. Haliweki IP, haliweki aina ya simu, haliweki saa ya ziara. Unaweza hata kuchagua lisijaribu kumtambua mgeni anayerudi, nasi tukachagua hivyo. Gharama yake ni kwamba mtu akifungua ukurasa mara tatu anahesabiwa tatu. Mwalimu alikubali bila kusita. Pia tulizima hesabu ya ziara zake mwenyewe anapokuwa ameingia kama mwandishi. Katika tovuti ndogo mwenye tovuti huwa ni mmoja wa wasomaji wake wakubwa.

Majibu ya maswali manne

La tafsiri lilijibika kwa kutazama tu. Makala za Kiingereza zilikuwa na mkondo mdogo usiokatika, na karibu zote zinazosomwa ni za milango na za sehemu za nyumba. Mapishi aliyoyatafsiri hayakuwa na mtu. Za Kiswahili zilipanda ghafla siku ya kutumwa kiungo, zikashuka, kisha zile za harusi zikapanda tena zenyewe ilipofika misimu ya harusi. Mwalimu ameacha kutafsiri mapishi.

La njia za kufikia lina mtego. WhatsApp haipeleki taarifa ya mtu alikotoka, kwa hiyo wote waliobonyeza kiungo humo wanaonekana wamekuja "moja kwa moja", kana kwamba waliandika anwani kwa vidole. Dawa ya kawaida ni kubandika alama za utm kwenye kila kiungo, tofauti kwa kila kundi. Tulikataa, kwa sababu ile ile ya makundi madogo: alama ya kundi la watu kumi na wawili inakaribia kuwa jina. Badala yake mwalimu hutuma viungo siku moja tu ya wiki, Alhamisi jioni. Wanaozidi Alhamisi na Ijumaa ni wa WhatsApp kwa kiasi kikubwa; wa siku nyingine wanatoka kwingine. Makadirio hayo yanatosha kwa uamuzi alionao.

Kwa upande wa Google tulimfungulia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti. Haihitaji kuwekwa kitu chochote cha kuhesabu kwenye kurasa, kwa sababu inaonyesha yaliyotokea kwenye ukurasa wa Google wenyewe: maneno yaliyotafutwa, mara ambazo tovuti ilitokea, mara iliyobonyezwa, kwa miezi 16 nyuma. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno yanafichwa. Humo mwalimu aligundua kwamba watu wanatafuta "zidaka" kwa maandishi ya namna nyingi, naye akaandika makala fupi inayozitaja zote.

La kusoma mpaka mwisho linadanganya kuliko yote. Vifaa vya zamani vilipima muda kutoka ukurasa mmoja hadi unaofuata, kwa hiyo aliyesoma ukurasa mmoja kwa nusu saa akaondoka alionekana amekaa sifuri. GA4 huhesabu ziara kuwa ya "kushiriki" ikipita sekunde 10, au ikiwa na kurasa mbili, au tukio muhimu likitokea. Sekunde 10 hazimalizi hata aya ya kwanza ya mwalimu. Tulichofanya ni kugawa makala ndefu katika sehemu, kama nyumba yenyewe ilivyogawika: daka kwanza, kisha tekani na kiwanda (ua wa katikati), kisha misana (kumbi ndefu), mwisho ndani (chumba cha ndani kabisa). Kila sehemu ni ukurasa wake wenye kiungo cha kuendelea. Idadi ya waliofungua sehemu ya mwisho ikilinganishwa na ya kwanza inasema waliosafiri naye njia nzima, na hakuna aliyepimwa muda wala kufuatwa kidole. Msomaji pia anapata kurasa nyepesi zinazofunguka kwenye mtandao mbovu.

Linabaki la Lamu, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wawe makini, kwa sababu nimewaona wengi wakikata tamaa bure. Katika ripoti za zamani za GA4 mwalimu alikuwa ameona Nairobi imejaa, Mombasa kidogo, na Lamu karibu haipo. Alikuwa amehitimisha kwamba mji wake haumsomi.

Kifaa hakijui simu iko wapi. Kinajua anwani ya IP, kisha kinaangalia kwenye orodha anwani hiyo imehusishwa na mahali gani. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi nyuma ya anwani chache za pamoja, na anwani hizo mara nyingi huhusishwa na mahali penye mitambo au ofisi za kampuni. Mtu aliyeketi mtaa wa Langoni, au kwenye boti ya kwenda Mokowe, akitumia data ya simu anaweza kuonekana yuko Nairobi. Anayetumia Opera Mini kwa kubana bando anapitia seva za Opera, na kifaa kisichojua kutazama taarifa ya ziada inayopelekwa na seva hizo kinaweza kumweka nchi nyingine kabisa. Kwa hiyo jedwali la miji halikuwa na jibu la swali la mwalimu, na kulinunulia kifaa cha bei kubwa kusingelibadilisha, kwa sababu vyote vinakisia kutokana na anwani hizo hizo.

Tukaamua kuuliza. Chini ya kila makala kuna swali moja, "Unasoma ukiwa wapi?", na viungo vitatu: Lamu na visiwa vyake, kwingine Kenya, nje ya Kenya. Kila kiungo kinaelekea kwenye ukurasa mdogo wa shukrani wenye makala nyingine ya kusoma, na Koko inauhesabu kama ukurasa mwingine wowote. Hakuna programu iliyoongezwa. Wanaobonyeza ni wale wanaopenda kujibu, kwa hiyo hatusemi ni asilimia ya wasomaji wote. Lakini inatosha kuona mwelekeo, na mwelekeo ulikuwa wazi: kwa makala za harusi na za eda Lamu ilitangulia, kwa milango na nakshi walitangulia walio nje ya Kenya. Anasomwa nyumbani. Alikuwa akisomwa muda wote.

Hesabu hiyo pia ni ndogo kuliko ukweli, kwa jambo ambalo hakuna chombo kitakachoweza kulirekodi. Lamu simu moja husomewa baraza zima. Mwalimu ameshasikia aya zake zikirudishwa kwake na wazee ambao hawana simu ya intaneti.

Yaliyofanyika baada ya hapo

Skripti ya Google iliondolewa kwenye tovuti, na akaunti ya takwimu ikafutwa baada ya kunakili jumla za kurasa. Vidakuzi vilivyokuwa kwenye simu za watu vinabaki mpaka muda wake uishe au mwenyewe avifute, lakini hakuna tena wa kuvisoma kwenye tovuti hii. Mwalimu aliandika mwenyewe tangazo la faragha kwa Kiswahili, aya moja: kinahesabiwa nini, kinakaa wapi, na kwamba yeye hawezi kumjua aliyesoma hata akiulizwa. Tuliliweka chini ya kila ukurasa, si kwenye ukurasa wa pembeni usiofunguliwa.

Kisha yale madaftari ya seva. Kwenye cPanel kuna mahali pa kuamua kama kumbukumbu ghafi zihifadhiwe kila mwezi na kama za mwezi uliopita zifutwe. Tulizima uhifadhi na kuacha ufutaji uendelee. AWStats hatukuitoa, kwani inasaidia kuona kurasa zilizovunjika na mashambulizi ya roboti, ila mwalimu haitumii tena kuhesabu watu. Kampuni yenye seva ina kumbukumbu zake yenyewe, na tuliiandikia kuuliza inazishika kwa muda gani.

Kuna mambo mawili yatakayotufanya tukae tena. Akipata mfadhili au mtangazaji anayedai ushahidi wa idadi ya wasomaji, hesabu isiyotofautisha mtu na ziara haitamridhisha. Hapo nitamshauri awashe utambuzi wa Koko usiotumia vidakuzi, kwa kipindi kitakachotajwa kwenye tangazo la faragha, kisha auzime. Na akiihama WordPress, tutakwenda GoatCounter na kuzima nchi na kivinjari kabla ya kuweka ukurasa wa kwanza.